Gari inavuja sehemu tatu, hela ni ya sehemu moja: nianzie wapi?

Swali: "Fundi habari za kazi. Gari yangu imeshakula miaka na sasa inavuja sehemu tatu kwa mpigo. Mpira wa chini wa rejeta unatoa maji pale unapoingia, na kwa chini umevimba, wakati nimeubadilisha mwaka jana tu. Upande huohuo, chini ya pampu ya stelingi, kuna majimaji mekundu. Na tairi la nyuma kushoto kwa ndani limelowa. Fundi wangu ameniandikia mipira na mabomba yote, hela hiyo sina. Nilitaka nizungushie tepu kote nisukumesukume miezi miwili hivi. Inawezekana? Na nianze na ipi?"

Salama kaka, pole na gari. Nakujibu la mwisho kwanza: anza na tairi la nyuma, na uanze leo kabla hujaiwasha tena. Najua kinachokukera wewe ni maji maana ndo unayaona kila asubuhi yametuama chini na ndo yanakusimamisha njiani, lakini maji yakiisha gari inachemka unapaki pembeni unashika kiuno basi, breki zikiisha hapo pa kupaki penyewe hupafiki.

Sasa hii ya tepu. Wengi tukiona kitu kinadondoka tunauliza tuzibe na nini, wakati cha kujiuliza ni humo ndani kunapita nini na kinasukumwa na presha ya ngapi. Chukua tairi lako kama kipimo, unalijaza psi 30 hivi si ndio. Rejeta ikishapata joto mfuniko wake kwa gari nyingi ndogo unazuia psi 13 mpaka 16, yani nusu ya tairi. Mpira wa stelingi ule wa ritani, unaorudisha oili kwenye kopo, hauna presha ya kutisha. Ila ule wa kupeleka, unaotoka kwenye pampu kwenda kwenye reki inayogeuza matairi, ukikata kona mpaka mwisho unapanda psi 1,000 na kitu, nyingine 1,500. Na breki ukizikanyaga kwa hofu, mtu kakatiza ghafla mbele yako, nazo zinapita 1,000 bila shida. Tairi la baiskeli tu huwezi kulizungushia tepu ukaliendesha, ndo uizungushie kwenye bomba la psi 1,000?

Kwa hiyo fundi wako hajakudanganya, kakupigia tu hesabu ya mtu mwenye hela. Kuna sehemu utabana hela vizuri kabisa na hakuna atakayejua, na kuna sehemu ukibana unajibania mwenyewe.

Kabla ya kutoa hata mia, hakikisha unachokiona ndo hicho unachodhani. Umesema nyekundu, ukaunganisha na stelingi moja kwa moja, lakini kulanti, yale maji ya dawa ya rejeta, nyekundu zipo na za pinki zipo, na mpira wako unaovuja uko upande huohuo, inawezekana ni mvujo mmoja unakuzuga kama miwili. Kunjua boksi kubwa la karatasi ulitandike chini ya gari usiku, chora alama magurudumu yalipo, asubuhi utaona kila tone limeangukia wapi na la rangi gani. Alafu chukua kikombe cha maji safi, cha uwazi kama unacho, chovya kijiti kwenye hayo majimaji ukikung'utie kwenye kikombe. Kulanti itachanganyika na maji inapotea. Oili ya stelingi inagoma, inaelea juu inatengeneza vijiduara vinavyong'aa. Mafuta ya breki ya kawaida, DOT 3 na DOT 4, nayo yanachanganyika na maji, na hilo litakusaidia tukifika nyuma. Kikombe hicho usirudishe jikoni. Na usionje, kuna watu wanakwambia kulanti utaijua kwa utamu, ni kweli ni tamu na ni sumu, mbwa na paka wanaramba wanakufa, kwa hiyo hata hayo yaliyotuama chini yaoshe.

Ukiona maji matupu yasiyo na rangi wala harufu yanadondoka usawa wa miguu ya abiria wakati AC inafanya kazi, hayo ni jasho la AC, achana nayo.

Haya, nyuma. Paki sehemu tambarare, weka vigingi kwenye tairi za mbele, piga jeki sehemu ngumu kisha weka stendi, usiingize hata kichwa chini ya gari iliyoshikwa na jeki peke yake. Toa tairi uangalie ulowevu unaanzia wapi kwa juu kabisa, maana kinachovuja kinashuka na upepo unakisambaza, ukiangalia chini tu utamsingizia asiyekuwemo. Hapo nyuma washukiwa ni watatu. Wa kwanza shokabu, imelowa kwa juu na vumbi limegandia, hiyo inaweza kusubiri mfuko ukae sawa. Wa pili ni sili ya ekseli kama gari yako inasukuma kwa nyuma, oili yake ni nzito na ina harufu mbaya kama yai viza, hiyo haisubiri sana maana inaingia kwenye ngoma, lile duara la chuma linalofunika breki, inalowesha breki. Wa tatu ndo breki yenyewe, majimaji mepesi yanayoteleza, hayana rangi au ni ya njano inayoelekea kahawia, kwenye kikombe yanachanganyika na maji, na ukienda mbele kuangalia kopo la breki utakuta limeshuka. Mara nyingi pia rangi ya chuma hapo inakuwa imebanduka, maana mafuta ya breki yanakula rangi. Ukijimwagia kwenye bodi suuza na maji mengi hapohapo.

Kama ni breki na gari ina ngoma nyuma, vua ngoma, inua kidogo ule mpira wa vumbi pembeni ya wili silinda, kile kisilinda kinachosukuma shuu za breki, kwa bisibisi ndogo. Ukikuta kumelowa ndani hujahitaji bomba wala mpira wowote, raba za ndani zimekufa. Hii ni kazi nafuu kuliko alivyokuandikia fundi, kwa gari nyingi raba zinauzwa peke yake, ila pitisha kidole ndani ya silinda, kama kuna vishimo vya kutu usiweke raba mpya humo, zitaliwa wiki tu, chukua silinda nzima. Shuu zilizolowa mafuta usizichome moto wala usizioshe na petroli ukadhani zimepona, zimeshakunywa hizo, badilisha za pande zote mbili.

Kama ni bomba la chuma, mara nyingi linakuwa limeoza pale linaposhikwa na klipu kwenye chesisi, maana uchafu na maji vinakaa hapo. Na hapa ndo pa kubana hela kihalali. Huna haja ya kununua bomba la kiwandani lililokunjwa tayari, nunua bomba linalouzwa limeviringishwa, la mchanganyiko wa shaba na nikeli, lile linakunjika kwa mkono na halishiki kutu, saizi ileile ya zamani, gari nyingi ndogo ni milimita 4.75 kwa nje. Chukua bomba la zamani mkononi uende nalo kwa mwenye mashine ya kupanua midomo, akupanulie ncha kama zilivyokuwa. Sisitiza hapo, kama zilivyokuwa, maana midomo iko ya aina mbili, kuna uliofunguka kama tarumbeta na umekunjwa mara mbili, na kuna uliovimba kama kichwa cha uyoga. Ukiweka mmoja kwenye kiti cha mwenzake nati itakaza vizuri tu na utafurahi, alafu itavuja siku ya kukanyaga kwa nguvu.

Usikubali mtu akukatie hapo kati aunganishe na kipande cha mpira na klipu mbili, nimeshaikuta hii kwa macho yangu kwenye gari ya kubebea watu. Usikubali pia vile viungo vya kipete vya kubana, vinafaa kwenye mabomba ya maji ya nyumbani, sio breki. Na shaba tupu ya friji usiweke, inachoka kwa mtikisiko inapasuka. Ule mpira mfupi unaopinda kwenda kwenye gurudumu ndo kabisa, haukatwi hauzibwi, ukiwa na nyufa au umevimba unatupwa. Unaweza hata kuvimba kwa ndani nje ukaonekana mzima, mafuta yanaenda kwa nguvu ya mguu ila kurudi hayarudi, gurudumu linabaki limeshikwa na ngoma inawaka moto.

Ukimaliza toa upepo kwenye breki, mtu mmoja kwenye pedeli, mwingine kwenye nati ya kutolea, mpira mwembamba umezama kwenye chupa yenye mafuta kidogo, mpaka viputo viishe, na kopo la juu usiliache likauke katikati ya kazi. Mafuta yawe ya chupa iliyofunguliwa siku hiyohiyo, maana DOT 3 na DOT 4 zinafyonza unyevu wa hewa. DOT 3 kavu inachemka kuanzia nyuzi 205, ikishanywa maji inaweza kushuka mpaka 140, na yakichemka kwenye mteremko pedeli inazama. Na jamani oili ya injini au ya stelingi isiingie kwenye kopo la breki hata tone, hata kama umekwama. Nimewahi kuletewa gari mwenye nayo alijazia oili ya giaboksi "afike tu", raba zote kuanzia masta silinda mpaka magurudumu manne zilivimba kama maharage yaliyolowekwa. Alitaka kuokoa chupa moja ya mafuta, akanunua mfumo mzima.

Hiyo habari ya raba kuvimba ndo inanileta kwenye mpira wako wa rejeta, maana swali lako la kwanini umevimba ndani ya mwaka ndo nimelipenda kuliko mengine. Mipira ya maji ya injini inatengenezwa kwa raba inayoitwa EPDM, ina undugu mkubwa na raba za breki. Inavumilia joto, inavumilia mvuke na kulanti miaka na miaka, ila oili ya madini haiiwezi kabisa, ikidondokewa inakunywa, inavimba, inalainika, ukiibonyeza kidole kinazama kama kwenye embe lililoiva sana. Mipira ya oili inatengenezwa kwa raba nyingine. Sasa angalia gari yako: pampu ya stelingi iko juu, inadondosha, mpira wa rejeta uko chini yake. Kama kile kikombe kitakwambia ile nyekundu ni oili kweli, basi mpira haukuwa feki wala fundi hakukuibia, umeuawa na jirani yake. Mimi mwenyewe nimeshawahi kumbadilishia mteja mpira huohuo mara mbili ndani ya mwaka, nikamlaumu aliyemuuzia spea, mara ya tatu nikaushika kwa chini mkono ukatoka mwekundu nikanyamaza kimya. Kwa hiyo ukiweka mpira mpya kabla ya kutibu stelingi umetupa hela. Baada ya breki, stelingi.

Kwenye stelingi safisha pale pampuni mpaka pakauke, washa injini, mwenzio azungushe usukani kulia na kushoto bila kuushikilia mwisho muda mrefu, wewe angalia na tochi. Usipapase na mkono kutafuta tundu, tumia kipande cha boksi. Oili inayotoka kwenye tundu dogo kwa presha kubwa inaweza kupenya ngozi, unaona kama umechomwa na sindano tu hata hapaumi sana, kumbe mafuta yameingia ndani ya nyama, na hiyo ni ya kukimbilia hospitali saa hiyohiyo sio ya kusubiri uone kesho. Kwenye injini za dizeli ndo usiseme, zile za komoni reli presha inapita psi 20,000.

Ukikuta inavujia kwenye mpira wa ritani, umebahatika. Kama umepasuka mwishoni na una urefu wa kutosha, kata kipande kibovu, rudisha, weka klipu nzuri. Kama umezeeka wote nunua mpira wa mita, ila hakikisha umeandikwa ni wa oili, usiweke mpira wa maji, tumeshaona nini kinatokea. Ikivujia kwenye maungio ya mpira wa presha usikimbilie kununua mpira, fungua kwanza. Mara nyingi ni oringi tu, kile kipete cha raba, au zile washa mbili za shaba pale bolti lenye tundu linapopita, vitu vya bei ya kuchekesha. Ukifungua weka washa mpya, usirudishe za zamani zimeshabonyea.

Na kama mpira wenyewe wa presha umechoka, unatoa jasho kwenye pete ya chuma inapobana raba, uvue ulivyo na mabomba yake ya chuma uende kwa watu wanaotengeneza mipira ya hidroliki ya magreda na matrekta. Hawa wanakata raba iliyooza, wanabakisha ncha zako za chuma za gari, wanakupresia raba mpya yenye nyavu za chuma ndani. Waambie ni wa stelingi, oili ya moto, presha psi 1,500, watajua wakupe upi. Urefu uwe uleule, ukiwa mfupi utavutwa injini ikitikisika, ukiwa mrefu utasugua mahali. Magari mengi ya zamani yasiyo na spea yanaishi kwa ujanja huu na wala sio kuungaunga, mpira ukipreswa vizuri unaweza kukaa miaka kama wa kiwandani. Wakati unasubiri hela, jazia oili ile iliyoandikwa kwenye mfuniko wa kopo, pampu ikianza kulia kama nyuki maana yake inameza hewa, na pampu ndo ghali.

Sasa maji. Hapa ndo uwanja wako, fanya mwenyewe.

Subiri injini ipoe kabisa, na kupoa kabisa sio dakika kumi, ushike mpira wa juu kwa kiganja usisikie joto. Mfuniko ukifunguliwa wa moto maji yanachemka mara moja yanakurukia usoni pamoja na mvuke. Kinga maji kwenye beseni safi, kama hayana kutu wala mafuta utayarudisha, hiyo nayo hela. Legeza klipu irudishe nyuma. Mpira ukigoma kutoka usiuchokonoe na bisibisi ukiegemea shingo ya rejeta, rejeta nyingi siku hizi tenki zake ni plastiki na ikishazeeka inakatika kama biskuti, hapo utakuwa umetoka kwenye mpira umeingia kwenye rejeta. Shika mpira na plaizi taratibu uuzungushe kwanza kushoto kulia mpaka uachie ndo uvute. Kama ni wa kutupwa, pasua kwa urefu na wembe uubandue.

Ukishautoa usiangalie mpira tu, angalia shingo. Mara nyingi utakuta ukoko mweupe au wa kijani umeota pale mpira ulipokaa, na kwenye chuma vishimo vidogo vya kutu. Mvujo wako wa mwishoni uwezekano mkubwa uko hapo, maji yanapita chini ya mpira kwenye hizo njia, utakaza klipu mpaka ikatike na bado itatoa. Sugua kwa msasa laini mpaka kidole kipite bila kukwama, futa. Wengine hapo wanapaka silikoni ya gasketi, mi sipendi, inateleza mpira unataka kuvuka, na mabonge yanayomenyeka kwa ndani yanaenda kuziba njia za rejeta. Lowesha shingo na maji tu mpira uingie.

Mpira wenyewe, ile sehemu iliyovimba haina msamaha, laini kiasi hicho siku moja itapasuka kwa urefu kama gunia. Kama uvimbe uko kwenye kipande kilichonyooka unaweza kukata kipande hicho uweke bomba la chuma la kuunganishia lenye unene wa nje sawa na tundu la mpira, lenye ukingo kidogo kwenye ncha ili mpira usichomoke, na klipu kila upande. Inafanya kazi miaka, nimeacha watu na viungo hivyo wakasahau kama vipo. Kama uvimbe uko kwenye kona usilazimishe mpira ulionyooka ujikunje, utajibana katikati maji yasipite. Nenda na wa zamani dukani utafute mpira wowote wa gari nyingine wenye kona kama hiyo na tundu lilelile, hata uwe mrefu, unakata kinachozidi. Jina la gari kwenye pakiti lisikusumbue, maji hayasomi. Pima tundu la ndani lakini sio unene wa nje. Na chungulia wa zamani, baadhi ya mipira ya chini ina springi ndani, ile sio uchafu, iko pale kuzuia mpira usinywee pampu inapovuta, ihamishie kwenye mpya.

Klipu ikae nyuma ya ule ukingo wa shingo, milimita tatu mpaka tano kutoka mwisho wa mpira, ukiifunga juu ya ukingo inakata. Kaza mpaka uone raba inaanza kuchungulia kidogo kwenye matundu ya klipu, basi, simama. Hapa vijana wanapenda kuonyesha misuli. Klipu za springi zilizokuja na gari usizitupe kama bado zina nguvu, zile zinafuata mpira unapotanuka na kusinyaa, ila ya bisibisi ukishaendesha siku moja injini ikapoa ikague tena, utapata robo mzunguko wa kukaza.

Ukiwa umeinama hapo bonyeza na mipira mingine ya maji, kwa vidole viwili, ukilinganisha katikati na karibu na mwisho, ile sentimita tano ya mwisho. Mipira inapenda kuoza kwa ndani huko mwishoni wakati nje inang'aa. Ukisikia kama kuna mfereji au inakwaruzika ndani, huo unafuata, uweke kwenye bajeti ya mwezi ujao.

Kujaza, nusu kulanti nusu maji safi, yale yaliyotoneshwa ya kujazia betri (sio asidi) ni mazuri kuliko ya bomba. Usiseme kwetu hakuna barafu kulanti ya nini, kinachozuia shingo zisiote ule ukoko ni dawa zilizomo kwenye kulanti. Fungulia hita mpaka mwisho, washa injini mfuniko ukiwa wazi, binyabinya mipira mikubwa viputo vitoke, jazia mpaka feni iwake, funga. Hewa ikibaki ndani geji itakudanganya, itakaa chini huku hedi, kile kichwa cha juu cha injini, inaungua.

Na kwa nini nakazania mvujo mdogo wakati maji unaweza kujazia kila asubuhi? Maji matupu yanachemka nyuzi 100, ukiyabana kwa psi 15 yanasubiri mpaka 121 hivi. Injini yako inaishi humo katikati. Mvujo ukiachia presha umeondoa hiyo akiba, maji yanachemka wakati yangekuwa yametulia, gasketi ya hedi inaondoka, na hiyo bei yake unaijua.

Tepu yako sijaitupa. Ile ya silikoni inayojigandisha yenyewe, isiyo na gundi, inafaa kuwa nayo kwenye gari kwa mpira wa maji. Ila sio kuizungusha kama bandeji. Mpira upoe, ukaushwe ukauke kweli, tepu uivute mpaka irefuke mara mbili au tatu, kila mzunguko ufunike nusu ya uliopita, uanzie mbali na tundu uishie mbali. Kisha mfuniko wa rejeta ulegeze hatua moja presha isipande, uende taratibu macho kwenye geji ukijua sasa maji yanachemka kwa joto la chini zaidi, ufike nyumbani au kwa fundi. Hiyo ni ya kilomita, sio ya miezi miwili. Kwenye mafuta na oili tepu hiyo inavimba inaachia, usijisumbue. Na zile dawa za kuzibia za kumwaga kwenye rejeta, au pilipili manga na mayai ya wazee, zinaziba kweli, ila hazichagui pa kuziba, na tundu la mpira haziliwezi, zinaishia kwenye vijinjia vya hita.

Hukuuliza ya petroli lakini umesema tepu kote, kwa hiyo niseme. Ukisikia harufu ya petroli, zima injini, usiwashe tena. Mpira wa petroli unabadilishwa na mpira wa petroli, wa kabureta umeandikwa SAE 30R7, gari ya injeksheni inataka 30R9 na klipu zile zisizo na matundu. Mpira wa plastiki wa kuonekana ndani ni mzuri machoni, ukipata joto la injini unakuwa mgumu unakatika, niliwahi kuuweka kwenye pikapu yangu mwenyewe nikitaka kuona petroli inavyopita, nikaja kuiona inavyopita kweli, juu ya manifoldi. Namshukuru Mungu ilikuwa imezimwa. Tangi likitoboka njiani kipande cha sabuni ya mche ukikisugua kwa nguvu kwenye ufa kinashika, petroli haiyeyushi sabuni, kinakufikisha.

Basi fanya hivyo kaka, boksi usiku wa leo, kikombe asubuhi, na gari isitoke mpaka umeshavua tairi la nyuma. Ukishafungua ngoma niandikie umekuta nini, kama ni silinda au bomba, na kama ni bomba nipigie picha mdomo wake kwa karibu nikwambie ni tarumbeta au uyoga kabla hujaenda kwa mwenye mashine.